Ukumbusho: Picha na Maneno katika Kazi ya Tshibumba Kanda Matulu

Nomino "ukumbusho" hutokana na kitenzi "kukumbusha", kauli ya kutendesha ya "kukumbuka". Kwa hiyo ukumbusho si kumbukumbu iliyolala akilini, bali ni kitu kinachomfanya mtu akumbuke. Mjini Lubumbashi, katika miaka ya 1970, ndilo neno lililotumiwa kutaja picha za rangi zilizotundikwa sebuleni mwa wakazi wengi.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa mmoja wa wachoraji wa picha hizo. Kwa kawaida picha ziliuzwa mojamoja: mamba muntu, kijiji cha kale, au kolonia ya Wabelgiji ambamo mfungwa anachapwa mbele ya ofisa. Tshibumba alivuka desturi hiyo. Kati ya 1973 na 1974 alitunga mfululizo wa picha zipatazo 100, nyingi zikiwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akisimulia historia ya nchi nzima tangu enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu.

Picha hizo alizipeleka kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha wakati huo katika chuo kikuu cha Lubumbashi, akamweleza kila moja kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Katika picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, kwa mfano, misalaba mitatu huonekana kwa mbali. Macho huiona misalaba. Lakini ni maneno ya mchoraji yanayotuambia kwamba kwake Lumumba alikuwa kama Yesu wa nchi yake. Picha huanzisha usemi, na usemi huikamilisha picha.

Kiswahili alichotumia, chenye maneno mengi ya Kifaransa, ndicho ambacho baadhi ya wasomi wamekidharau wakikiita kibovu. Hata hivyo kimebeba hoja nzito za historia, ambazo Fabian alizichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1996.

Leo mfululizo huo umehifadhiwa Amsterdam, na Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sisi wanaisimu tusisubiri picha zirudi. Wazee waliozitundika picha kama hizo wangali wanazisimulia. Tuwasikilize na kuyanasa maneno yao kama wanavyoyatamka. Ukumbusho usio na msimulizi hubaki kitambaa chenye rangi.