Mtoto akifa ghafula, tusimtafute mchawi



Mtoto anapokufa ghafula kambini, maneno huanza hata kabla ya mazishi: "Amerogwa", "Amepewa sumu". Kisha jina la jirani hutajwa, mara nyingi wa kabila lingine au wa kijiji kilichotupokea. Hapo kifo kimoja kinaweza kuzaa vifo vingine. Ni vema tujue ni nini hasa kinachoua watoto wetu.

Mnamo Januari 2008 shirika la International Rescue Committee lilitangaza uchunguzi wake katika Kongo. Watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa 19% ya watu wote, lakini karibu nusu ya vifo vyote vilikuwa vyao. Vifo vya silaha havikufika hata kimoja kati ya mia. Wengi waliuawa na magonjwa yanayojulikana na yanayotibika.

Malaria huletwa na mbu. Ikipanda kichwani, mtoto hupata degedege, anakaza mwili na kugeuza macho. Wengi hudhani ni pepo.

Kuhara na kipindupindu hutoka katika maji na mikono michafu. Kipindupindu kinaweza kumwua mtoto kwa saa chache, ndiyo sababu watu hufikiri ni sumu.

Bwaki ni utapiamlo. Miguu na uso huvimba, nywele hubadilika rangi. Hii pia si sumu, ni kukosa chakula bora.

Surua huambukiza kwa hewa. Kati ya 2018 na Agosti 2020 iliua watoto zaidi ya 7,000 nchini mwetu, hasa wale wasiopata chanjo.

Homa ya mapafu humfanya mtoto apumue mbiombio. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Je, vita haina kosa? Inalo kubwa. Inatukimbiza usiku bila chandarua, inatutenga na mashamba, inatubana wengi katika nyumba ndogo, inapora dawa na kusimamisha chanjo.

Tufanye nini? Mtoto alale ndani ya chandarua. Apate chanjo ya surua akifika miezi 9, na ile ya pili kama muuguzi alivyopanga. Akihara, mpe maji ya kunywa mara kwa mara: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mama aendelee kumnyonyesha. Akiwa na degedege, akishindwa kunywa au akilegea, msingoje kesho.

Viongozi, kazi yenu ni kubwa. Mkisikia mtu anatajwa kuwa mchawi, mwiteni muuguzi aeleze ugonjwa mbele ya familia zote mbili. Siku ya chanjo, waiteni watoto wa wakimbizi na wa wenyeji pamoja, na kisima kilindwe na kamati ya pande zote mbili. Surua haiulizi kabila, na maji machafu ya kisima kimoja yanatudhuru sote. Jirani tunayetaka kumshitaki anaweza kuwa na mtoto mgonjwa wa ugonjwa uleule.