Kwa Nini Nyenze Analia Wakati wa Joto?

Mwezi wa Oktoba au Novemba ukipita katika misitu yetu ya miyombo, mchana jua kali, utasikia mlio unaojaza masikio. Ukisogea karibu na mti, kimya. Ukiondoka, mlio unaanza tena. Huyo ni nyenze.

Wengi wetu tunadhani analia kwa mdomo. Sivyo. Mdomo wake ni kama sindano, kazi yake ni kufyonza maji ya mti tu. Sauti inatoka tumboni. Kila upande wa tumbo, karibu na kifua, dume ana kigozi kigumu chenye mikunjo. Bonyeza kifuniko cha kopo, kinalia "ka!" Kiachie, kinalia tena. Ndivyo kigozi hicho kinavyofanya. Ila nyenze anakivuta kwa msuli mara nyingi sana kwa sekunde moja, hata sisi tunasikia mlio mmoja mrefu. Na tumbo lake ndani ni wazi kama ngoma. Kumbe ndiyo maana mdudu mdogo hivyo anasikika mbali! Jike halii. Yeye anasikiliza, kisha anamfuata dume wa aina yake.

Baadaye jike anapasua vijiti vya mti na kutaga mayai humo. Watoto wakianguliwa wanaanguka, wanaingia ardhini, wanafyonza mizizi kwa miaka. Huko Marekani wako wanaokaa chini miaka 17. Kundi lao moja lilitoka mwaka 2024. Siku ikifika, mtoto anapanda shina usiku, mgongo unapasuka, anatoka ana mabawa. Yale maganda makavu tunayoyaona asubuhi yameshika mti ni nguo zake za zamani. Akishatoka, anaishi wiki chache tu.

Wazee husema eti nyenze anaita mvua. Hawakukosea sana, maana joto linalomliza ndilo linalotangulia mvua. Lakini siku ya mvua yeye haijui. Akilia, tutayarishe shamba. Mbegu tusizitie kwenye vumbi, tungoje udongo uloane.

Wengine wanauliza, tumpulizie dawa? Hapana. Hali majani wala mahindi. Vijiti vichache vitakauka, basi. Tena watoto wetu wanaokota nyenze, wanawachoma na kuwala. Dawa ya pamba uliyompulizia nyenze leo, kesho iko tumboni mwa mtoto wako.