Nyota Iliyochelewa Kung'aa

Mtu aonapo nyota pahali ambapo jana hapakuwa na nyota, huiita nyota mpya. Jina hilo humpotosha, kwani huenda anayoiona ni nyota kuu ifayo kwa mlipuko. Ili kuujua ukweli wake, hapana budi mwanga wake upimwe na kuandikwa usiku baada ya usiku.

Mfano mmoja ni nyota aliyoiona Ian Shelton huko Las Campanas, nchi ya Chile, tarehe 24 Februari, 1987. Ilikuwa katika Wingu Kubwa la Magellan, mbali nasi kiasi cha miaka 160,000 ya mwendo wa nuru. Wataalamu walitazamia ifikie upeo wa mwanga wake katika majuma machache. Lakini iliendelea kuongezeka mpaka mwezi wa Mei.

Picha za zamani zilionyesha sababu. Iliyolipuka ilikuwa nyota ya buluu, ndogo kuliko zile nyekundu zilizozoeleka. Kwa hiyo nguvu nyingi ya mlipuko ilitumika kuutanua mwili wake. Mwanga wa baadaye ulitokana na madini yenye mionzi yaliyozaliwa humo. Ulipofifia, ulipungua kwa nusu kila siku 77 hivi, nao ndio muda ambao nusu ya kobalti 56 huoza.

Basi tukisema "nyota mpya" twafuata jicho. Tukisema "mlipuko wa nyota" twafuata daftari la vipimo. Mwenye kutunga istilahi yampasa alisome daftari kwanza.