Trekta Kuukuu Kola: Bei ya Kununua na Gharama ya Kukaa Nayo

Massey Ferguson 135 iliacha kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1975, na kiwanda chenyewe cha Banner Lane kikafungwa 2003. Hata hivyo trekta hiyo bado inauzwa na kununuliwa Kenya. Hutoka kwa mwenye shamba kubwa ikaenda kwa mkandarasi, kisha kwa mwalimu mstaafu aliyepokea kiinua mgongo chake na anatamani kusikia injini ikinguruma uani. Makala haya namwandikia huyo wa mwisho, hasa kama uani kwenyewe ni Kola.

Tuanze na ardhi, maana muuzaji hataigusa. Ukitoka Machakos kwa barabara ya Wote na kuipita Katumani, unaingia vilima vya Kalama, iliko Kola, na huko mashamba yamekatwa matuta ya fanya juu, mtaro chini na ukingo juu, tuta baada ya tuta hadi karibu na kilele. Matuta hayo ndiyo yaliyoiokoa Machakos. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu kizima mwaka 1994 kueleza jinsi wilaya iliyodhaniwa imekufa kwa mmomonyoko ilivyoongeza watu mara tano tangu miaka ya 1930 na bado udongo wake ukatengemaa. Lakini plau lililoenea katika hadithi hiyo ni la kukokotwa na maksai. Trekta yenye plau nyuma inahitaji nafasi ya kugeukia. Kwenye tuta jembamba, kila mzunguko tairi la nyuma linaukanyaga ukingo alioujenga babu yako, na pembe zote nne zinabaki bila kulimwa, za kumalizia kwa jembe la mkono.

Kwa hiyo swali la kwanza si trekta ipi. Ni ekari ngapi, katika shamba lako na la majirani, trekta inaweza kuingia ikageuka bila kuvunja tuta. Zihesabu kwa miguu.

Kisha tufanye hesabu ya pesa. Nachukua namba za mfano; wewe weka za mtaani kwako. Tuseme una ekari 3, na kukodi trekta ni shilingi 3,500 kwa ekari. Ukilima kabla ya masika na kabla ya vuli, unalipa 21,000 kwa mwaka. Trekta kuukuu pamoja na plau, tuseme 600,000. Pesa hizo zingekulipia kulimiwa kwa zaidi ya miaka 28, na mwenye trekta ndiye angekuwa analala chini ya injini usiku, si wewe. Kwa ekari 3 za mahindi, mbaazi na kunde, kununua hakuna hoja, isipokuwa ni mapenzi tu ya mashine. Mapenzi si dhambi, ila yasiitwe kilimo.

Mnunuzi mwenye akili atajibu: nitawalimia watu. Vizuri, tuendelee. Mashine ya nguvu za farasi 45 yenye plau la diski mbili hula karibu saa mbili kwa ekari moja ya udongo mgumu wa kiangazi, na dizeli kama lita 12. Kwa shilingi 170 kwa lita, hiyo ni 2,040 (mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei mpya kila tarehe 14, kwa hiyo rudia hesabu hii kila mwezi). Dereva na msaidizi, 500. Kati ya ile 3,500 unabaki na 960. Ukilima ekari 3 kwa siku, kwa siku 20 kabla ya vuli na siku 20 kabla ya masika, ni ekari 120 kwa mwaka, yaani shilingi 115,200. Mtaji wako utarudi baada ya miaka mitano na ushee, ikiwa hakuna kitu kitakachovunjika. Kitu kitavunjika. Jozi ya tairi za nyuma, tuseme 120,000, inameza ekari 125. Huo ni mwaka mzima wa kazi.

Na siku 20 hizo hazina mbadala. Ukambani mvua ya vuli ndiyo ya kutegemewa zaidi, na mbegu inayokomaa mapema kama mahindi ya Katumani haina maana ikipandwa kwa kuchelewa. Trekta ikilala Oktoba wiki moja ikisubiri gasketi, unapoteza mapato ya wiki hiyo na wateja pia. Mkulima uliyemwahidi Jumatatu hatakungoja. Atamwita mwingine, na mwakani ataanzia kwa huyo mwingine. Ndiyo maana katika kuchagua trekta ya zamani mimi huweka spea mbele ya nguvu, na fundi mbele ya muundo.

Kwa kipimo hicho, familia moja inashinda. Perkins ya silinda 3, lita 2.5, iliingia Massey Ferguson 35 mwishoni mwa 1959, ikaendelea katika 135, kisha katika 240, ambayo imeundwa Pakistan na Millat kwa miaka mingi. Injini ya babu na ya mjukuu ni ukoo mmoja. Pistoni, slivu, gasketi na nozeli zake hutengenezwa Pakistan na India, na ukikosa Machakos utateremkia Nairobi, Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan. Fundi wa jua kali aliyefungua moja ya injini hizi amezifungua zote. Ila ukiuziwa 35, hesabu nozeli kwanza. Za mwanzo zilikuwa na injini ya Standard ya silinda 4, yenye sifa mbaya ya kukataa kuwaka kwa baridi. Ukiona nne, punguza bei sana au ondoka.

Ford 3000, iliyotoka kati ya 1965 na 1975, ni ngumu, na mabega yake ni mapana kuliko ya 135. Kasoro yake iko pale injini inapochoka: silinda zimechongwa moja kwa moja kwenye bloku, bila slivu. Bloku lazima lipelekwe karakana ya mashine likatanuliwe au litiwe slivu, wakati Perkins unaweza kuifungua chini ya mwembe. Kwa anayeishi karibu na karakana nzuri si tatizo. Kwa Kola, ni nauli ya pikapu na wiki moja zaidi.

Ferguson TE20, ile ya kijivu ya 1946 hadi 1956, waliunda zaidi ya nusu milioni. Uingereza wastaafu huzing'arisha na kuzipeleka kwenye maonyesho. Nyingi ni za petroli au mafuta ya taa, na nguvu zake hazifiki farasi 30. Inapendeza, lakini udongo wa Kola wa mwezi wa Septemba utaidhalilisha.

Trekta mpya ya ukubwa huohuo bei yake ni mara kadhaa ya hizi, na kwa kawaida hununuliwa kwa mkopo. Hapo kila ekari inadaiwa riba hata mvua isiponyesha. Kwa mkandarasi mwenye kazi tambarare, upande wa Konza kwa mfano, inaweza kuleta maana. Vilimani, sioni.

Siku ya kuikagua, fika mapema na ushike injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina moto, imewashwa kwa siri ili ikuwakie vizuri. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta: rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Iwake, kisha tazama bomba la kupumulia la injini. Moshi ukitoka kwa mapigo mazito, pistoni na ringi zimekwisha. Moshi wa bluu kwenye ekzosi unasema hayohayo. Inua plau kwa mikono ya nyuma, zima injini, zungumza na mwenyeji dakika kumi. Plau likishuka lenyewe, haidroliki inavuja ndani. Ijaribu klachi kwa mzigo, kwa sababu kuibadilisha kwenye trekta hizi kunamaanisha kuitenganisha mashine vipande viwili, na hapo gharama kubwa ni siku za fundi kuliko sahani yenyewe. Tikisa magurudumu ya mbele, uone pini za ekseli zina uwazi kiasi gani. Rangi mpya isikuvutie. Nyekundu ya kopo ni rahisi kuliko oili.

Kuna jambo moja ambalo kwa Kola nalipa uzito kuliko yote. Baadhi ya 135 zina mfumo unaoitwa Multi-Power, swichi ndogo kwenye dashibodi inayokupa gia 12 badala ya 6. Muuzaji atausifu kama nyongeza. Mfumo huo ukiwa kwenye upande wa chini, injini haishiki magurudumu mnapoteremka: trekta inaserereka yenyewe, na breki peke yake ndiyo inayobaki kati yako na korongo. Tambarare ni usumbufu mdogo. Kwenye kilima chenye tela la mawe nyuma, ni kifo. Ukikuta swichi hiyo, tafuta trekta nyingine, au hakikisha kila atakayeishika anajua kuiweka juu kabla ya mteremko. Tena trekta nyingi za umri huo hazina fremu ya kumkinga dereva ikipinduka. Uingereza ililazimisha kinga hiyo kwa trekta mpya kuanzia 1970 tu. Mchomeleaji mzuri anaweza kuunda fremu ya chuma. Iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Tela nimelitaja, na kwa kweli ndilo linaloilisha trekta kuukuu. Plau lina siku 40 za kazi kwa mwaka. Samadi, mawe ya ujenzi, tangi la maji wakati wa kiangazi na magunia ya mavuno hayana msimu. Anayenunua trekta bila tela Kola amenunua nusu ya biashara, na nusu iliyo mbovu. Tela nalo lisajiliwe, na liwe na breki zinazoshika.

Makaratasi ni mafupi. Logibuku iwe na jina la anayeuza, si la marehemu mjomba wake, na uhamisho ufanyike NTSA kupitia eCitizen kabla ya fedha yote kutoka. Hukohuko, tafuta kama mashine imewekwa rehani. Tangu sheria ya mali inayohamishika ya 2017, mikopo ya namna hiyo ina rejista yake.

Halafu kuna maksai. Wakamba walitembea hadi Nairobi mwaka 1938, wakiongozwa na Muindi Mbingu, kupinga kunyang'anywa mifugo, na mpaka leo jozi ya maksai bado inageuka kwenye tuta lisilopitisha trekta, haihitaji dizeli, na ikizeeka inauzwa kwa mchinjaji. Udhaifu wake ni ule wa Oktoba: wanahitajika wakiwa wamekonda, majani yakiwa yamekwisha. Aliyewawekea mabua ya mahindi na majani makavu anaanza kulima wiki moja kabla ya jirani yake. Kwa ekari 3 za vilimani, hilo ndilo chaguo langu, na pesa inayobaki iende kwenye tangi la maji.

Njia ya mwisho ni familia tano au sita kuchangia trekta moja, kama mwethya, ule umoja wa Wakamba wa kusaidiana kazi, unavyochangia nguvu za kuchimba matuta. Hapo ekari zinatosha, na gharama inagawanyika. Lakini kabla ya kulipa hata amana, andikeni mambo matatu na kila mmoja atie sahihi: ufunguo unalala kwa nani, nani analimiwa kwanza mawingu yakianza kukusanyika, na pampu ya dizeli ikifa katikati ya shamba la mwanachama wa tatu, inalipwa na yeye au na wote.