Kenya: Kwa nini makaburi ya Lang'ata yaliyojaa bado yanapokea maiti

Makaburi ya umma ya Lang'ata jijini Nairobi yalitangazwa kuwa yamejaa mwaka 1996. Hata hivyo, mazishi yangali yakifanyika humo. Je, maiti hao huzikwa wapi?

Jibu limo katika aina mbili za makaburi. Kaburi la kudumu hulipiwa ada kubwa zaidi na hubaki mikononi mwa familia. Kaburi la muda ni la bei nafuu, lakini miaka kadhaa ikipita huweza kuchimbwa upya na kuzikwa maiti mwingine. Kwa hiyo, mtu wa kipato cha chini anaweza kwenda kuzuru kaburi la mzazi wake akakuta msalaba wenye jina la mtu asiyemjua.

Lang'ata ilifunguliwa mwaka 1958. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu wakazi 509,286 jijini. Ile ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Ardhi ya kuzikia haikuongezeka kwa kadiri hiyo.

Desturi ya kuzika nyumbani kwa wazee huupunguza mzigo huo. Uzito wake ulidhihirika mwaka 1987, Mahakama ya Rufani ilipoamua kwamba wakili S. M. Otieno azikwe Nyalgunga, Siaya, kama ukoo wake ulivyodai, wala si karibu na Nairobi kama alivyotaka mjane wake. Lakini mazishi ya nyumbani yanahitaji nauli na shamba. Asiye na hivyo hubakiwa na Lang'ata.

Jaribio la kupata ardhi mpya liliishia mahakamani. Kati ya 2008 na 2009, Baraza la Jiji lililipa shilingi milioni 283 kwa ekari 120 huko Mavoko, kusini-mashariki mwa jiji, ilhali thamani yake ilikadiriwa kuwa shilingi milioni 24. Isitoshe, ardhi hiyo ilikuwa ya mawe, isiyofaa kuchimbwa makaburi. Mwaka 2018, baadhi ya waliokuwa maofisa walitiwa hatiani.

Njia nyingine ni kuchoma maiti, kama alivyofanyiwa Profesa Wangari Maathai mwaka 2011 huko Kariokor. Lakini Uislamu hauruhusu, na Wakristo wengi huisita. Kwa wengi wasio na shamba, basi, ardhi ileile ya Lang'ata huchimbwa tena.