Kombe Lisilo na Anwani

Shika kombe la konokono wa baharini, ncha yake ielekee juu na mdomo ukutazame. Karibu kila mara mdomo utakuwa upande wako wa kulia. Lakini kwenye fukwe za Sanibel, kisiwa cha kusini-magharibi mwa Florida, Marekani, utaokota kombe lenye michirizi ya kahawia iliyoshuka kama radi na kukuta mdomo uko kushoto. Si kilema. Konokono wa aina hiyo, Sinistrofulgur, wengi wao huzaliwa hivyo. Wakalusa, wenyeji wa kale wa pwani ile, walichotea maji kwa makombe yake na kuyafanya nyundo.

Sanibel ndiko liliko Bailey-Matthews National Shell Museum, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1995 kwa ajili ya moluska tu: konokono, chaza, pweza na jamaa zao wote. Kujengwa pale kuna sababu. Visiwa jirani vimejipanga kufuata pwani, kaskazini kwenda kusini. Sanibel kimelala mashariki kwa magharibi, kama mkono ulionyooshwa kuzuia njia, na kila kinachosukumwa kutoka Ghuba ya Mexico kinaishia ufukweni mwake. Mwokotaji akibahatika kupata junonia, kombe la rangi ya maziwa lenye mabaka ya kahawia, picha yake huweza kutoka kwenye gazeti la kisiwani. Junonia huishi kwenye kina kirefu, mbali na nchi kavu, na ni makombe yake machache yanayofika ufukweni yakiwa mazima.

Watu hudhani kombe ni nyumba ambayo mnyama huingia na kutoka. Hapana. Ni sehemu ya mwili wake, kama kucha zilivyo sehemu ya mwili wako. Ngozi laini inayomfunika hutoa chokaa na kuipaka kwenye ukingo wa mdomo, tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo ncha ndiyo utoto wake na mdomo ndio siku zake za mwisho. Wataalamu hupima oksijeni iliyofungwa ndani ya chokaa hiyo na kukadiria joto la bahari ya wakati ule.

Ila kipimo hicho kinahitaji kitu kimoja ambacho mgeni wa makumbusho hakioni: kikaratasi. Kimeandikwa mahali, tarehe, kina cha maji na jina la mwokotaji. Niliwahi kufunguliwa sanduku la makombe ya kupendeza mno, yaliyokusanywa kwa miaka mingi, na ndani hamkuwa na karatasi hata moja. Niliumia. Hayakuweza kutuambia lolote kuhusu bahari yalikotoka; yalibaki mapambo.

Tarehe 28 Septemba 2022 kimbunga Ian kiliipiga pwani hiyo, kikakata barabara inayounganisha Sanibel na bara. Maji yaliharibu matangi ya viumbe hai yaliyokuwa ghorofa ya chini ya jumba lile. Tangi hujengwa upya. Kombe lililookotwa mahali fulani siku fulani halirudiwi, na hiyo ndiyo hofu yangu kubwa kila nikisikia dhoruba inaelekea kwenye makumbusho.

Hapa kwetu, kauri ndogo zenye pete ya dhahabu mgongoni zilisafirishwa kwa shehena kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi katika karne ya 19, zikatumika kama fedha. Leo tunaziona kwenye sinia za wauza makombe, karibu na dondo wakubwa wenye madoa, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Uchunguze mng'aro huo. Kauri akiwa hai hufunika gamba lake kwa ngozi, na ngozi ndiyo inayolilinda na kulitunza liwe nyororo. Akifa, jua na mchanga hulififisha upesi. Kauri inayong'aa siniani kwa kawaida ilitolewa majini ikiwa hai. Kule Sanibel, kuokota kombe lenye mnyama ndani ni kosa kisheria tangu 1995, mwaka uleule jumba lilipofunguliwa.

Mimi huokota zilizofifia. Ya mwisho ina tundu mgongoni na imepauka upande mmoja. Nimeitia kwenye kimfuko pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino hufutika: Jambiani, maji kupwa, juu ya mchanga, tupu.