Evelyn Waugh na Kicheko cha Anayejua

Evelyn Waugh alizaliwa London mwaka 1903, mtoto wa mchapishaji vitabu. Alitoka Oxford bila shahada, baada ya kupata daraja la tatu tu katika mitihani, akaenda Wales kufundisha katika shule ya bweni, kazi isiyompa raha hata kidogo. Mwaka 1928 shule hiyo ikageuka riwaya, Decline and Fall, iliyompa jina akiwa na miaka 24. Tangu hapo kila alikopita kulimzalia kitabu, na Vita Kuu ya Pili ikampa riwaya tatu za Sword of Honour. Kwa maoni yangu, nguvu na udhaifu wa tashtiti yake vina chanzo kimoja: alikata vizuri pale tu alipomjua anayemkata.

Chukua Scoop, ya mwaka 1938. Gazeti la Daily Mail lilikuwa limempeleka Ethiopia mwaka 1935 kuripoti uvamizi wa Italia, akawaona waandishi wenzake wakisubiri habari zisizokuja, wakageukia kuzitunga. Katika riwaya, William Boot, kijana anayeandikia gazeti makala za wanyama na ndege wa shamba, anatumwa vitani kwa sababu tu ya kufanana jina na mtu mwingine. Kabla ya safari anauziwa dukani mtumbwi wa kukunja na vijiti vilivyopasuliwa ncha, vya kupachikia barua ili tarishi akimbie nazo. Vijiti hivyo peke yake vinatuambia namna London ilivyoiwazia Afrika, na mzigo wote wa kejeli unamwangukia anayeuza na anayenunua.

Black Mischief, ya mwaka 1932, ni habari nyingine. Waugh alikuwa amehudhuria kutawazwa kwa Haile Selassie wa Ethiopia Novemba 1930, kisha akapita Zanzibar, Kenya, Uganda na Kongo. Akabuni kisiwa karibu na pwani yetu, akakiita Azania, jina ambalo Wagiriki wa kale waliipa pwani hii. Mfalme Seth anawagawia askari wake viatu, nao wanavila. Wapo watakaosema kwamba Wazungu nao wanachekwa humo, na ni kweli: balozi wa Uingereza anacheza na mdoli wa mpira bafuni huku nchi ikiteketea. Lakini linganisha. Balozi ana jina, mke, mazoea na uvivu wake mwenyewe, ilhali askari ni kundi tu, hawana uso wala sauti. Mmoja anachekwa kwa alivyo, wengine kwa walivyodhaniwa.

Pingamizi zito zaidi ni The Loved One, ya mwaka 1948, inayowacheka Wamarekani, ambao pia hawakuwa watu wake, na bado ni kazi kali sana. Ila Waugh alipofika California mwaka 1947 alirudi mara kwa mara kwenye makaburi ya Forest Lawn, akachunguza maiti zinavyopambwa na maneno matamu wanayouziwa wafiwa. Alijifunza kazi ya mazishi kabla ya kuicheka. Zanzibar, aliyoipitia kabla ya kubuni Azania, hakuipa subira hiyo. Katika kitabu chake cha safari, Remote People, linalomshughulisha sana kuhusu kisiwa hicho ni joto lake.